Mrudisheni Rodeshia

Babu na bibi yangu waligombana kuhusu chumvi, kuhusu kuku wa jirani, kuhusu nani aliacha mlango wa stoo wazi mpaka mbuzi wakala mahindi ya mbegu, na kila ugomvi ulifikia mahali pamoja. Babu alivuta kiti, akakaa, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka na dunia:

"Mimi ningekurudisha kwenu leo hii. Lakini baba yako alisema nikikuchoka nikurudishe Rodeshia. Haya, nionyeshe Rodeshia iko wapi, nifunge mzigo wako kwenye baiskeli."

Bibi hakuwa mtu wa kunyamaza. "Na mimi ningeondoka mwenyewe, bila hiyo baiskeli yako isiyo na breki. Lakini niliposwa na mtu wa Tanganyika. Wewe wa Tanzania sikujui. Mume wangu akifika, mwambie namsubiri."

Hapo ugomvi ulikuwa umekwisha. Babu aliomba maji ya kunawa, bibi akaepua ugali, na aliyeacha mlango wa stoo wazi hajajulikana mpaka leo.

Nililelewa na watu hao wawili, huko Hasamba, Mbozi. Mama yangu alinizaa akiwa bado anasoma, akaniacha kwa wazazi wake, akarudi shule, na baadaye akaolewa mbali. Mimi nikakulia katikati ya kahawa na mahindi. Babu aliniita mke wake mdogo na bibi aliniita mke mwenzake, kama wajukuu wote wanavyoitwa, na nilichukulia cheo hicho kwa uzito kuliko kilivyostahili. Nilidhani pia kwamba kila nyumba duniani ina Rodeshia yake ya kumalizia ugomvi.

Siku moja shuleni mwalimu alituuliza nchi tunazopakana nazo. Nilinyoosha kidole kabla ya wote, nikasema kwa sauti kubwa: "Rodeshia!" Darasa zima likacheka. Mwalimu naye alicheka, halafu akasema nchi hiyo inaitwa Zambia, na kwamba lile ni jina la wakoloni, tena hata halikuwa Rodeshia tu bali Rodeshia ya Kaskazini. Nilirudi nyumbani nimevimba mashavu kwa hasira.

"Mwambie mwalimu wako," bibi akasema huku anapepeta maharage, "kwamba mimi nimetoka huko kwa miguu yangu. Yeye amefika?"

Jibu hilo lilinitosha kabisa. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hasira zangu zinatulizwa na vitu vidogo.

Sasa nieleze walivyooana, maana bila hapo hakuna kinachoeleweka. Bibi ni Mnamwanga, na kwao ni kijiji kimoja kupita Nakonde, mji unaotazamana na Tunduma kule upande wa Zambia. Babu alikuwa Mnyiha wa Hasamba, kijana mwenye baiskeli, anayeshusha maharage Tunduma kuuza. Ndugu wa bibi walikuwa wanunuzi wake. Alimwona binti, akatuma mshenga, wazee wakakubaliana. Wakapanga Ijumaa moja ya mwisho wa Oktoba, mwaka elfu moja mia tisa sitini na nne, binti aletwe.

Hawakuwa wamepanga siku hiyo kwa ajili ya siasa. Waliipanga kwa sababu mvua zilikuwa karibu na watu walitaka kurudi kulima. Lakini usiku wa Ijumaa hiyo hiyo, huku Hasamba ngoma ya harusi inalia, kule ng'ambo walishusha bendera ya Mwingereza wakapandisha yao, na Rodeshia ya Kaskazini ikawa Zambia. Kaka yake bibi, ambaye ndiye aliyemsindikiza, alikasirika miaka na miaka. Alikuwa kijana wa rika la kucheza ngoma, na sherehe kubwa kuliko zote ilimpita kwa sababu alikuwa Hasamba ameshika kuku wa harusi.

Na haikuishia hapo. Kabla wiki haijatimia, karani wa chama cha ushirika wa kahawa, mwenye redio, aliita watu waje wasikilize. Upande wetu Tanganyika ilikuwa imekwisha kuungana na Zanzibar tangu Aprili, na ilikuwa na jina refu la Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, ambalo Hasamba hakuna aliyehangaika nalo. Watu waliendelea kusema Tanganyika tu. Siku hiyo redio ikasema nchi itaitwa Tanzania.

Babu alipenda kulieleza hivi: "Nilimwacha bibi yako jikoni akiwa mke wa Mtanganyika. Nikaenda kusikiliza redio. Niliporudi, nilikuwa mwanamume mwingine, na yeye ametoka kwenye nchi nyingine, na mboga bado haijaiva."

Majirani walikuja kumtazama bibi arusi. Miguu gani hii, walisema, imekanyaga huku na huku, na nchi zote mbili zimebadilika majina. Mama mkwe wake alimkinga na maneno hayo kwa kumpa jembe mapema. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mwenye jembe mkononi hana muda wa kuitwa mkosi.

Nikikumbuka jioni za msimu wa kahawa, ninawakumbuka wakiwa kwenye vichanja, wanachagua punje mbovu na kubishana kuhusu majina ya nchi. Babu alizipenda habari hizo. Alisema babu yake alizaliwa mahali pasipo na jina la nchi: palikuwa na mtemi, palikuwa na mto, na ukiulizwa unatoka wapi unataja baba yako. Wakaja Wadachi, na watu wakaambiwa wako Afrika ya Mashariki ya Wadachi. Wadachi wakashindwa vita, akaja Mwingereza, naye akaenda kulichukua jina la ziwa, akatuvika nchi nzima mpaka pwani kwa watu ambao ziwa lenyewe hawajaliona. Maana ya Tanganyika ilikuwa na ubishi wake. Wapo waliosema ni tanga na nyika, na babu alipuuza, akasema tanga la nani na nyika gani ndani ya maji. Yeye alikuwa ameelezwa na wauza samaki wakavu wa Kasanga kwamba maana yake ni mahali panapokutana na kuchanganyika. Hakuwa na ushahidi wowote zaidi ya hao wauza samaki, na aliwaamini moja kwa moja.

"Tanganyika ziwa," bibi akasema siku moja, bila kuinua macho kwenye kahawa. "Zambia wameitoa kwenye mto Zambezi. Wale wa kule chini walikuwa Nyasa, nalo ziwa. Hawa wakubwa wakati wa kutoa majina walikuwa na kiu?"

Babu alicheka mpaka akashika kichanja. Halafu akasema Tanzania haina maji ndani yake, ni jina la ndoa: huyu katoa nusu ya jina lake, na yule katoa nusu ya lake, wakaongeza na mkia kidogo lisikike vizuri.

"Na mume ni nani hapo?" bibi akauliza.

Babu akaangalia mbingu, akasema naona mvua inakuja, tufunike kahawa. Mvua haikuwepo.

Miaka mingi baadaye, walipotukata kutoka Mbeya na kutufanya mkoa mpya wa Songwe, mimi nilikuwa nimeshahamia Tunduma kuuza vitenge. Nilimpigia babu simu kumpa habari. Nikamsikia anamgeukia bibi na kumwambia. Sauti ya bibi ikaja kwa mbali: "Mto tena?"

Tunduma ninayoishi mimi siyo waliyovuka wao. Bibi husema palikuwa na kizuizi cha mti na askari mmoja aliyewapa pole ya safari. Leo malori yamepanga foleni kutoka mpakani hadi yanapopotea machoni, na wateja wangu wa Nakonde wananisalimia mulishani, wananilipa kwacha, wananiomba nipunguze bei kwa lugha tatu. Wengi wa watoto wanaokatiza hapo hawajui kama nchi hizi ziliwahi kuitwa kitu kingine. Siwalaumu. Lakini kuna siku mteja mzee anasema "zamani za Rodeshia" na mimi nampunguzia bei bila kuombwa.

Babu alifariki mwaka juzi, msimu wa kuchuma. Aliugua kidogo, hakusumbua mtu, na hadi wiki ya mwisho alikuwa anauliza kama kahawa imegeuzwa. Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na miche aliyoipanda mwenyewe. Nililia mpaka sauti ikakatika. Nimezika watu wengine, lakini yule alikuwa ananiita mke wangu, na hakuna mwingine aliyebaki wa kuniita hivyo.

Halafu ikaja siku ya kumaliza msiba, na hiyo ndiyo tuliyoiogopa.

Kwetu, mume akifa, ndugu wa mjane wanakuja. Mbele ya koo zote mbili wanamuuliza binti yao: unabaki, au unarudi? Akisema anabaki, ukoo wa mume unajifunga kumtunza mpaka mwisho. Akisema anarudi, anaondoka nao kwa heshima. Swali ni la haki kabisa. Tatizo ni kwamba anayeuliza ni kaka, na kaka akisimama hadharani akasema dada twende nyumbani, dada hamkatalii. Mwanamke anayemkatalia kaka yake mbele ya wakwe anahesabiwa ameutupa ukoo wake, na siku ya kufa kwake ukoo huo hautakuja kumzika.

Na tulijua kwamba Nakonde wanamtaka. Watoto wa kaka yake walikuwa wamemwandalia chumba chenye dari, bomba uani, hospitali si mbali. Nia yao ilikuwa njema, nami ningekuwa namtembelea kwa miguu kutoka dukani kwangu. Kwa hesabu hiyo ningetakiwa kufurahi.

Lakini bibi alikuwa ameshaniambia, tukiwa tunaosha masufuria ya msiba: "Mke mwenzangu, mimi sitaki kwenda. Mume wetu yuko pale nyuma ya nyumba. Kahawa hii naijua mti kwa mti. Lakini kaka yangu ni mzee, ndiye pekee aliyebaki kwetu, na siwezi kumwaibisha mbele ya watu. Akisema twende, nitakwenda."

Nilimfuata mjomba, mtoto mkubwa wa babu, nikamwambia aseme neno. Mjomba akatikisa kichwa. "Nimgombanie mama yangu kama ng'ombe? Mwenye kuulizwa ni yeye, na mwenye kuuliza ni kaka yake. Mimi hapo ni mtoto tu." Nilimchukia mjomba siku hiyo. Alikuwa amesema kweli, na nadhani ndiyo sababu.

Kaka yake bibi alifika asubuhi na wanawe kwa gari. Sisi tulimwita babu wa Nakonde. Alikuwa amepita miaka themanini, amevaa suti iliyokuwa inamtosha zamani, fimbo mkononi. Alikwenda kwanza kaburini, akasimama peke yake muda mrefu, midomo inacheza. Alikuwa na desturi ya kuja Hasamba karibu kila mwaka, na yeye na babu walikuwa watani wakubwa. Ule ugomvi wa Rodeshia alikuwa ameusikia mara nyingi akiwa amekaa mezani kwetu, na kila mara alicheka kama mgeni wa habari.

Watu wakakaa chini ya turubai, wanaume kwenye viti, sisi kwenye mikeka. Bibi alikuwa katikati, mdogo sana ndani ya kanga zake. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika ncha ya kanga, bila sababu yoyote ya maana.

Babu wa Nakonde akasimama.

"Ba shemeji, mukwai," akaanza kwa heshima ya kwao. "Sisi hatukuja kugombana. Mwenzetu tumemlaza vizuri, asanteni. Sasa kuna neno moja la zamani. Siku dada huyu anatoka kwetu, baba yetu alisimama akasema neno, na mimi nilikuwepo. Wengine wote waliokuwepo wamekufa. Baba alisema hivi: mtoto huyu ametoka Rodeshia. Siku mkimchoka, msimpige, msimtupe, mrudisheni Rodeshia."

Mwanawe mmoja, kijana mwenye simu mbili, akainama na kumnong'oneza kwa sauti tuliyoisikia wote: "Zambia, tata. Siku hizi ni Zambia."

"Nyamaza," mzee akasema. "Nimesema Rodeshia."

Kisha akamgeukia bibi. "Dada. Aliyekuchukua amelala. Nakuuliza mbele ya watu hawa wote. Twende nikurudishe Rodeshia?"

Nilihisi ncha ya kanga inavutwa. Bibi alikuwa anajitengeneza vizuri begani. Niliona mgongo wake tu, sikuona uso.

"Kaka," akasema, "tangu nizaliwe sijawahi kulikataa neno lako. Hata leo silikatai. Umesema twende Rodeshia, mimi niko tayari. Wewe tangulia unionyeshe njia, nami nakufuata nyuma."

Halafu mzee mmoja wa ukoo wa babu, pale kwenye viti vya mbele, akaanza kucheka. Akajiziba mdomo kwa kofia, ikashindikana. Kicheko kikaenda kwa wanawake wenye umri wa bibi, wakapiga vigelegele, msibani, na machozi yanawatoka. Mjomba alikuwa ameficha uso kwenye mikono yake. Babu wa Nakonde alibaki amesimama, akaangalia upande wa kusini na upande wa magharibi kama mtu anayetafuta njia kwa dhati.

"Dada," akasema hatimaye, "hiyo njia siijui. Kaa hapa hapa kwanza, mpaka tuione."

Akakaa, akatoa kitambaa, akajifuta macho. Wazee wa Hasamba wakasimama mmoja baada ya mwingine, wakasema bibi ni wao mpaka mwisho. Chakula kikaletwa. Kijana mwenye simu mbili aliendelea kuuliza watu nini kimetokea, na hakuna aliyemjibu vizuri.

Kesho yake wageni walikuwa wameondoka. Nilimkuta bibi kwenye vichanja asubuhi, reki mkononi, anageuza kahawa. Nikachukua sehemu yangu upande wa pili. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu babu augue, na nilitaka kuizungumzia.

"Bahati nzuri baba yako alitaja Rodeshia siku ile," nikasema. "Angetaja kitu kingine leo ungekuwa Nakonde."

Bibi akanitazama kwa muda, kama anapima kama nimekua vya kutosha.

"Baba hakusema Rodeshia," akasema. "Nani kijijini kwetu alikuwa anasema Rodeshia? Hilo lilikuwa jina la wazungu na la makarani. Baba alisema, siku mkimchoka, mrudisheni nyumbani. Basi."

Reki yangu ikasimama. "Sasa Rodeshia ilitoka wapi?"

"Ya babu yako. Wiki ile ile ya kwanza, nilikuwa nalia kila jioni. Nilimtaka mama yangu. Siku aliyotoka kusikiliza redio alinikuta nimefunga nguo zangu kwenye kitenge, nasubiri tu kupambazuke. Hakunipigia kelele. Alivuta kiti, akakaa, akaniambia, ningekurudisha kwenu, lakini baba yako alisema Rodeshia, na redio inasema haipo tena. Nikacheka huku nalia. Nikafungua mzigo."

"Ulijua anadanganya?"

"Nilikuwepo wakati baba anasema. Nitakosaje kujua?"

Nikawaza miaka yote ile, chumvi na kuku na mlango wa stoo, na hawa wawili wanaoshika ncha mbili za uongo mmoja wasiuangushe. Halafu nikakumbuka jana, fimbo na suti kubwa, na yule kijana anayenong'oneza Zambia.

"Na babu wa Nakonde? Naye alikuwepo."

"Alikuwepo. Ndiye aliyeshika kuku." Bibi akasukuma kahawa hadi ukingoni mwa kichanja, akairudisha polepole, punje zikalala upande ambao haujapata jua. "Kaka yangu ana huruma. Angesema nyumbani, ningekwenda."